Torgunn na Viazi vya Ndoo

Ukimuuliza Torgunn Almåsbakk anafanya kazi gani, atakwambia "naandikaandika tu ofisini," kisha ataanza habari za theluji. Kwa hiyo nitakwambia mimi, niliyekaa naye meza moja miaka yote hii. Yeye kujisema hajui, na huko kutojua kujisema ndiko kulikotaka kumkosesha kitu alichokitamani kuliko vyote.

Ofisi yetu iko juu ya duka la baiskeli, karibu na mto, hapa Trondheim. Tunatengeneza programu ya kuendeshea vyama. Watu wa huku hawabishi hodi kwa jirani bila miadi, lakini kwa vyama usiwaguse: kuna chama cha tarumbeta, cha mashua, cha mbio za theluji, cha wafuga nyuki, na kila chama kina katibu aliyechaguliwa kwa sababu wakati wa kura alikuwa msalani. Sisi tukawaundia Katibu asiyekimbia. Ni wakala wa akili mnemba: anasoma ujumbe wa wanachama, anajibu, anapanga foleni, anaita watu kwenye msaragambo wa kufagia majani.

Katibu huyo hana macho wala mikono. Ana zana tu, tunazomtengenezea sisi waandika programu: moja ya kutuma ujumbe, moja ya kuandikisha mwanachama, moja ya kumfuta, na nyingine nyingi. Kila zana imeandikiwa maelezo, mistari michache ambayo Katibu huisoma kabla ya kuamua ashike ipi. Hawezi kuigeuzageuza zana mkononi aone makali yako upande gani. Anajua kilichoandikwa, basi. Na sisi zamani tulikuwa tukiandika shingo upande, tukitaka kurudi nyumbani. "Hufuta," tuliandika. Hufuta nini? Sisi tulijua. Siku moja mzee wa chama cha tarumbeta akaomba namba yake ya zamani ya simu ifutwe, na Katibu akafuta bendi nzima, wapulizaji na wapiga ngoma, gwaride la sikukuu ya taifa ya Mei likiwa limekaribia.

Hapo ndipo Sjur, bosi wetu, alipomleta Torgunn.

Alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, mwenye nywele za mvi alizozikata mwenyewe mbele ya kioo, na ukimtazama tu unajua kwamba amezikata mwenyewe. Kabla ya hapo alikuwa akiandika vijitabu vya maelekezo ya mashine za kukamulia ng'ombe. Siku ya kwanza alisoma maelezo yetu yote huku akila mkate wake wa jibini la kahawia, akafuta makombo mezani, akatusimulia habari za binamu.

Utotoni kwake, katika bonde la Namdalen, alikuja binamu yao kutoka Amerika. Msichana mwerevu, mwenye bidii, ila hakuwahi kuona zizi. Jioni ya kwanza akaambiwa "kafunge lango," naye akaenda akalifunga vizuri, akatia na komeo. Ng'ombe walikuwa bado nje. Walilala mvuani wote. Kosa si lake, alisema Torgunn, maana hakuna aliyemwambia kwamba lango hufungwa ng'ombe wakishaingia. Jambo hilo lilikuwa linajulikana mno hata kutajwa. Tangu hapo kila akiandika alikuwa anamwandikia binamu. Binamu si mjinga, lakini hajui mnachokijua nyote, na kwa kuwa hataki kuwasumbua kwa maswali, atakisia, kisha atatenda kwa moyo wake wote.

Basi akatuandikia upya. Nakumbuka maelezo ya zana ya ujumbe: "Hutuma ujumbe kwa mwanachama mmoja. Haitumi kwa chama chote. Kwa chama chote tumia zana ya tangazo. Kabla ya kutuma, hakikisha mwanachama yu hai. Ukituma na ikashindikana, jaribu mara moja tu, kisha mwambie mwenyekiti."

"Torgunn," Sjur akasema, "tumekuomba maelezo, umetuletea Agano la Kale."

"Basi soma mpaka Malaki," akajibu, bila kuinua macho.

Na Katibu akatulia. Wafu waliacha kupata mialiko, na bendi ilibaki bendi. Lakini sikukaa hapa kusimulia habari za zana. Nimekaa kusimulia hamu.

Torgunn alikuwa na hamu ya udongo. Kwa sheria ya huku shamba humwendea mzaliwa wa kwanza, na mzaliwa wa kwanza kwao ni kaka yake, Oddvar. Oddvar si mtu mbaya. Ni mtu wa mitambo ya mafuta baharini, jembe kwake halina maana. Mama yao alipofariki alifunga nyumba, akamkodisha jirani mashamba yote apande nyasi. Torgunn alirudi kutoka mazishini na ndoo moja ya viazi vya mbegu, akaipandisha ngazi mpaka ghorofa ya tatu anakoishi peke yake.

Viazi vile havina jina dukani. Ngozi yake ni ya zambarau, ndani ni njano, na vikichemshwa na maganda yake hupasuka vyenyewe. Nyanya yake alimwachia mama yake, mama yake akamwachia yeye. Na mbegu ya kiazi haiwekwi kabatini ikangoja upate nafasi. Usipoipanda mwaka huu, mwakani huna. Kwa hiyo Torgunn alikuwa akiipanda kwenye ndoo barazani, upande wa kaskazini ambako jua linapita likiwa na haraka zake, na kila Septemba alivuna vidogo kuliko vya Septemba iliyopita. Havili. Haonji hata kimoja, anavihifadhi vyote viwe mbegu. Mavuno ya mwisho aliniletea nione: yalienea kwenye bakuli la supu, na vingine vilikuwa kama gololi.

"Vimechoka," akaniambia. "Vikipandwa ndooni mara moja tena, ndiyo basi."

Ningempa udongo kama ningekuwa nao, ila na mimi naishi ghorofani, na baraza yangu inatosha kuanika soksi. Tegemeo lake lilikuwa bustani za chama, kule kilimani ng'ambo ya mto: viwanja vidogo, kila kimoja na kibanda chake cha mbao na mlingoti wake wa bendera. Haviuzwi. Unaandikisha jina, unangoja mtu afe au aanze kuumwa mgongo. Torgunn aliandikisha lake juma lile lile alilomzika mama yake. Dirisha letu la ofisini linatazama kilima hicho, na kila asubuhi alisimama hapo na kikombe chake kabla ya kufungua kompyuta. "Wameanza kuchoma majani," angesema, au, "Leo wamefungua maji." Kisha angeketi kazini. Wanasema subira huvuta heri. Lakini yupo pia aliyesema ngoja ngoja huumiza matumbo, na huyo naamini alikuwa na viazi ndooni.

Basi, asubuhi moja ya Aprili akaingia mashavu yamemwiva, na si kwa baridi.

"Wameniuliza," akasema.

"Nani kakuuliza nini?"

"Chama cha bustani. Kuna kiwanja. Cha pembeni, chenye mti wa tufaha. Ujumbe umeingia jana jioni."

Nilimrukia shingoni. Watu wa huku hawapendi kukumbatiwa kabla ya saa nne asubuhi, lakini alivumilia. "Hongera! Tunakwenda lini kulima?"

"Pole pole, Mwanaidi. Ndiyo kwanza wameuliza."

"Na umewajibu?"

"Nimewajibu, kwani mimi sina adabu? Nimewaambia asanteni sana kwa kunikumbuka, ila nina hakika wapo wanaokihitaji kuliko mimi. Wenye watoto, kwa mfano."

"Torgunn! Umekataa?"

"Nimekataa wapi? Nimejibu."

Usimcheke, kwanza mjue. Mtu wa mabonde yale ukimkaribisha kahawa atasema hapana, asante, usijisumbue. Wewe unauliza tena, na yeye anasema labda nusu kikombe, kama ipo tu. Unauliza mara ya tatu huku unamimina, na hapo atakunywa vikombe vinne akusifie. Kukubali mara ya kwanza ni ulafi. Mtoto hufinywa chini ya meza kwa kosa hilo. Kwetu nako mgeni hujitia ameshiba, kwa hiyo sikushangaa sana. Ila kwetu mwenyeji humshika mkono akamketisha kwa nguvu.

"Mwenyekiti atauliza tena," Torgunn akasema. "Ni mzee wa Namdalen kama mimi. Foleni ameishika kwa mkono wake tangu zamani. Anajua."

Akaleta mbegu zake ofisini, akazipanga kwenye trei za mayai pale dirishani ili zipate mwanga zichipue. Zikachipua, vichomozo vifupi vya zambarau, vinene, vyenye afya kuliko nilivyotarajia. Simu yake aliiweka kando ya trei. Aprili ikaenda zake. Kila simu ikitikisika aliishika haraka, akasoma, akairudisha. Mara ni duka la viatu, mara ni daktari wa meno.

"Wapigie," nikamwambia.

"Nipige niseme nini?"

"Useme unakitaka!"

Akanitazama kana kwamba nimemwambia avue nguo sokoni. "Aa, Mwanaidi. Mtu hawezi."

"Mtu gani hawezi? Wewe ndiye unayetuandikia kila siku, sema zana inafanya nini, sema itumike lini, usimwachie binamu akisie. Kinyozi hajinyoi, eti?"

"Hiyo ni kazi," akasema, akageuza trei moja ili upande wa pili nao upate jua.

Nilikasirika, sitaki kuficha. Mimi hukasirika haraka nikiona mtu mwenye kiu amesimama kando ya mtungi akingoja kuombwa anywe. Lakini pia niliona jinsi anavyokigusa kichomozo kwa ncha ya kidole, na hasira ikaniisha, nikabaki na huruma tu.

Mei ilipofika katikati, majira yenyewe ya kupanda viazi, ikaja simu. Tulikuwa kwenye kahawa ya Ijumaa, watu wote mezani, na Sjur akaiweka kwa sauti tuisikie sote. Aliyepiga alikuwa mwenyekiti wa chama kimoja cha mashua huko pwani, tena mwenye hasira.

"Mna mashine ya namna gani nyinyi? Tuna mzee wetu kangoja nafasi ya gati mpaka ndevu zimekuwa nyeupe. Zamu yake imefika, mashine yenu ikamuuliza, naye kasema, ah, labda yupo kijana anayeihitaji zaidi. Mtu mwungwana tu! Mmemtoa kwenye foleni! Sasa anakaa jikoni hasemi na mtu, mkewe ndiye kanipigia."

"Nitaangalia," Sjur akasema. Akafungua kompyuta, akasoma maelezo ya zana kwa sauti: "'Humwondoa mtu kwenye foleni na kumpa nafasi yake anayefuata. Itumie mtu akikataa alichopewa. Usiitumie kwa mtu asiyejibu. Huyo mkumbushe kwanza.'" Akainua mabega. "Mbona yako wazi? Yako wazi kabisa."

Torgunn aliweka kikombe chini taratibu.

"Sjur," akasema, "kile chama cha bustani, cha kilimani. Nao ni wateja wetu?"

"Tangu Februari. Mwenyekiti alisema mkono umechoka. Kwa nini?"

Torgunn aligeukia dirisha la kilimani. Mimi ndiye niliyejibu, tena kwa sauti kubwa kuliko ilivyofaa, nikaeleza yote ya kiwanja na jibu lake la Aprili. Aliyefuata kusema alikuwa Torgunn mwenyewe.

"Nilimwandikia binamu wa zizini," akasema. "Binamu wa mezani nikamsahau."

Akatueleza. Binamu yule wa Amerika, jioni ile ile ya ng'ombe, alikaa kula. Mama akamwongezea viazi, msichana akasema hapana, asante, nimeshiba. Mama akamwongezea. Akasema hapana. Mama akamwongezea. Mtoto wa watu akala vyote kwa heshima, halafu akaenda kutapika nyuma ya nyumba, na wao wakamcheka mpaka aliporudi kwao. Alikuwa amekataa kweli, na hakuna mezani aliyejua kwamba kuna watu duniani ambao hapana yao ni hapana.

"Nimelijua jambo hili tangu utoto," Torgunn akasema. "Nikakaa hapa nikaandika 'akikataa', kana kwamba ulimwengu mzima unakataa namna moja. Nikamkumbuka asiyejibu, nikamwekea kinga. Mwenye adabu nikamsahau."

Sjur aliizima zana ile pale pale, kisha akapiga simu kilimani. Kiwanja chenye mti wa tufaha kilishapewa waliofuata, jioni ile ile Torgunn aliyojibu. Mume na mke, vijana. Walishaanza kulima.

"Wote walioondolewa tutawarudisha," Sjur akasema, akimtazama Torgunn kwa aibu. "Wewe utakuwa wa kwanza kwenye foleni. Kikitokea kingine."

"Kikitokea lini?" nikadakia. "Mbegu hizo pale zinangoja! Wanyang'anywe hao, si kosa letu?"

"Wamekosa nini wao?" Torgunn akasema. "Wameulizwa, wakasema ndiyo."

Jumapili nilimburuta kilimani. Nilimwambia nataka kunyoosha miguu, akajifanya ameniamini. Alikuja na mfuko, na ndani ya mfuko trei za mayai. "Dirishani kuna joto mno kwao siku za mapumziko," akasema, na mimi nikajifanya nimemwamini.

Kiwanja kilikuwa mwisho wa njia. Mwanamke kijana mwenye mimba kubwa alikuwa ameketi kwenye ngazi ya kibanda, koleo limelala miguuni pake. Jina lake Ylva, tulilijua baadaye. Udongo walikuwa wameugeuza nusu, mweusi, wenye unyevu, na mti wa tufaha ulikuwa umeanza kutoa machipukizi.

"Habari," akasema. "Mnatafuta mtu?"

"Hapana, tunapita tu," Torgunn akasema. Mbele ya pale palikuwa na uzio na msitu. Hapakuwa na pa kupita.

"Karibuni kahawa basi. Nina chupa nzima na siruhusiwi kuimaliza."

"Hapana, asante. Usijisumbue."

"Haya," Ylva akasema kwa uchangamfu, akaifunga chupa.

Alikuwa amekulia Oslo, masikini. Huko wamezoea kulichukua neno kama lilivyo. Nilimwona Torgunn anaitazama chupa ile, kisha akayahamisha macho. Mimi nikafungua kinywa kumsemea, na kisigino chake kikaniangukia juu ya kidole cha mguu.

Akachuchumaa penye uzio, akapitisha mkono, akatwaa bonge la udongo. Akalivunja. Akalinusa. Akaurudisha udongo palepale alipoutoa, akausawazisha na kiganja.

"Udongo mzuri," akasema.

"Ndivyo wanavyosema. Sisi hatujui lolote," Ylva akacheka. "Ile kona ya uzio hatujui hata tupande nini."

Nikamgeukia Torgunn. Nilisema kimoyomoyo, sasa, Torgunn, sasa. Ndege mmoja akaimba wimbo wake wote, akaanza tena. Mfuko ulikuwa mkononi mwake.

"Mtajua tu," Torgunn akasema, akasimama, akapangusa goti.

Kwenye basi aliuweka mfuko mapajani, akaukumbatia kwa mikono miwili. Tulipovuka daraja ndipo aliposema, huku anatazama maji.

"Namtamani mama, Mwanaidi. Si udongo. Nafikiri siku zote haikuwa udongo. Nyumba imefungwa, nguo tuligawa. Hivi viazi ndivyo vitu pekee alivyovishika yeye ambavyo bado vinaota. Vikiisha, basi, amekwisha kabisa."

Nilisogea karibu naye. Nilimshika mkono, naye hakuutoa mpaka kituo chetu.

Jumatatu alizirudisha trei dirishani, akaketi kuandika maelezo mapya ya zana ile. Sjur alitaka yafupishwe: "Ongeza tu kwamba ukataaji uwe wazi." Torgunn akamuuliza, wazi kwa nani? Akaandika, akafuta, akaandika tena. Nilisoma begani kwake. "Humwondoa mtu kwenye foleni na kumpa nafasi yake anayefuata. Ni vigumu kuirudisha nafasi, kwa hiyo usifanye haraka. Mtu akisema 'msijisumbue', au 'wapo wanaohitaji zaidi', au 'sijui kama nastahili', hajakataa, amekuonyesha adabu. Mshukuru, mwambie kwamba zamu ni yake, kisha muulize kama yeye mwenyewe anataka. Akisema tena hapana, muulize kama jina lake litolewe. Akisema litolewe, ndipo utumie zana hii. Usimuulize zaidi ya hapo: hapana ya wengine ni hapana."

Hayo ya mwisho, akaniambia, ni kwa ajili ya binamu aliyetapika.

Kila tukibadilisha maelezo huwa tunamjaribu Katibu kwenye chama cha uongo, chenye wanachama wa uongo na viwanja visivyokuwapo. Mmoja wetu hujifanya mwanachama. Torgunn akajifanya mwanachama. Katibu akaandika:

"Kiwanja namba sifuri kiko wazi, na zamu ni yako. Ungependa kukichukua?"

Torgunn akajibu neno kwa neno alivyojibu Aprili. Asanteni sana kwa kunikumbuka, ila nina hakika wapo wanaokihitaji kuliko mimi.

Tukangoja kidogo.

"Asante kwa kuwafikiria wengine," Katibu akaandika. "Nao watafikiwa zamu yao ikifika. Sasa nakuuliza wewe. Je, wewe mwenyewe unakitaka?"

"Imekubali!" Sjur akasema nyuma yetu. "Safi sana. Funga, twende tukale."

Akaenda zake. Jaribio lilikuwa limekwisha. Kilichotakiwa kuonekana kilishaonekana. Torgunn hakufunga. Vidole vyake vilikuwa juu ya vitufe, haviandiki. Nilitaka kusema kitu, nikajizuia, na kwangu mimi hiyo si kazi ndogo. Kisha akaandika taratibu, akipiga herufi moja moja.

"Ndiyo. Nakitaka. Nimekitaka tangu mama yangu alipofariki. Kila asubuhi nasimama dirishani nakitazama."

Akabonyeza.

"Vizuri," Katibu akaandika. "Kiwanja namba sifuri kimeandikwa kwa jina lako. Karibu bustanini."

Kiwanja namba sifuri hakipo popote duniani. Hakina mti wala uzio. Torgunn aliyasoma maneno yale, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la sweta, akaivaa, akayasoma tena. Machozi yalikuwa yanamtiririka na wala hakuyapangusa.

"Umeona?" nikasema. "Haikuuma."

"Imeuma," akasema.

Akasimama, akavaa koti. Akaenda dirishani, akazitia trei zake mfukoni moja baada ya nyingine, akiangalia vichomozo visikatike. Ilikuwa mchana, watu wako kwenye chakula, na tangu nimjue hakuwahi kutoka ofisini kabla ya saa ya kutoka. Nilisimama pale anaposimama yeye, nikamwona anavuka barabara na mfuko wake kifuani, anapanda basi la kilimani.

Kesho yake aliingia kwa wakati wake. Akatundika koti, akamimina kahawa, akaketi. Dirisha lilikuwa tupu, limebaki na alama za trei kwenye vumbi. Kucha zake zilikuwa na weusi ambao sabuni haikuutoa.

"Ehe?" nikasema. "Ikawaje?"

"Ikawaje nini?"

"Torgunn, nitakumwagia kahawa hii."

Akafungua kompyuta yake. Masikio yalikuwa yamemwiva. "Ylva aliniuliza tena kama nataka kahawa."

"Ukasemaje?"

"Nikasema ndiyo."

"Mara ya ngapi?"

"Ya kwanza."

Nikapiga meza kwa kiganja. "Na ile kona? Alikuuliza na habari za kona?"

Akatikisa kichwa. Alikuwa anatazama kucha zake.

"Kona hakuniuliza," akasema. "Kona niliomba mwenyewe."